Mandhari moja, rangi mbili: kwa nini ya maji inapauka na ya mafuta inapasuka

“Habari. Naishi Nairobi na wikendi huchora mandhari kwa rangi za maji: Karura, Ngong, mara mojamoja mashamba ya chai ya Limuru. Picha ikiwa mbichi inapendeza, ikikauka inapauka, na kijani changu kinafanana na plastiki. Mwaka jana niliamua kuzikuza picha mbili kwa rangi za mafuta kwenye kanvasi ya sentimita 50 kwa 60. Anga ikawa kama chokaa, vilima vikawa tope, na sasa majani ya mbele yamekunjamana huku anga ikipasuka mistari mistari. Rafiki mmoja amenishauri nitie thina ili ikauke haraka. Mwingine anasema rangi za maji ni za mazoezi tu, msanii kamili huchora kwa mafuta. Naishi bedsita na mtoto wa miaka mitatu. Niachane na moja? Nikibaki na zote, nifuate utaratibu gani?”

Ndugu msomaji, tuanze na jambo lisilo la sanaa. Kama hiyo thina umeshainunua, itoe chumbani leo. Thina ya hardware ni ya mafundi wanaopuliza rangi magari. Mara nyingi ina toluini na asetoni, mvuke wake ni mzito kuliko hewa kwa hiyo hutuama chini, palepale mtoto wa miaka mitatu anapocheza, tena hushika moto kwa cheche ndogo ya jiko la gesi. Na hata ungekuwa na karakana yenye madirisha pande zote, bado isingekufaa, maana thina haikaushi rangi ya mafuta. Sababu yake utaiona mbele kidogo, na ndiyo hiyohiyo iliyoipasua anga yako.

La rafiki wa pili halitatuchukua muda. Mchoraji Mwingereza wa mandhari J.M.W. Turner, aliyeishi 1775 hadi 1851, alichora kwa maji na kwa mafuta karibu maisha yake yote ya kazi. Mwenzake John Constable, mwaka 1821 na 1822, alikuwa akichora mawingu ya Hampstead, London, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya karatasi, mbio mbio, ili aisome anga. Kwake mafuta ndiyo yaliyokuwa daftari la mazoezi. Nadhani sifa ya rangi za maji kuwa ‘za safarini’ ilitokana zaidi na mzigo: hadi Mmarekani John Goffe Rand alipopata hataza ya tyubu ya kubinya mwaka 1841, rangi ya mafuta ilibebwa ndani ya vibofu vya nguruwe. Ukitaka kuona kazi nzito ya rangi za maji hapa kwetu, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yanahifadhi picha za mimea alizochora Joy Adamson. Angalia jinsi jani moja linavyojengwa kwa makoti membamba, yaani matabaka ya rangi, bila kuchafuka.

Sasa shida zako. Umeziorodhesha kama tano au sita, ila nyingi zina mzizi mmoja: unaichora rangi ya mafuta kwa mkono wa rangi ya maji. Katika rangi ya maji, nyeupe ni karatasi. Mwanga hupenya koti la rangi, hugonga karatasi, kisha hurudi machoni. Ndiyo maana unaanza na hafifu ukielekea kwenye giza, na pa kuachwa peupe unapaacha tangu mwanzo. Rangi ya mafuta, hasa ile iliyochanganywa na nyeupe, huurudisha mwanga kutoka kwenye uso wake yenyewe, na nyeupe inatoka kwenye tyubu. Hapo mpango unageuka: giza kwanza na liwe jembamba, mwanga mwisho na uwe mzito. Ukianza na anga hafifu, kisha ukatia nyeupe kila mahali ili kuigiza karatasi, utapata chokaa. Hakuna tyubu ghali itakayokuokoa hapo.

Turudi kwenye maji. Rangi mbichi inaonekana nzito na yenye nguvu kwa sababu maji yamejaza nafasi kati ya chembe za rangi na kuulainisha uso. Yakiondoka, uso unabaki na vinundu vinavyotawanya mwanga, nasi tunauona ule mtawanyiko kama weupe. Kila rangi ya maji hufanya hivyo, hata ya bei kubwa. Dawa yake ni kuchanganya nzito kuliko unavyotaka ionekane. Kata ukanda wa karatasi ileile unayochorea, upana wa vidole viwili, paka rangi yako, ngoja ikauke kabisa, ndipo uamue. Wanaoanza wengi huogopa rangi nzito. Wanaiogelesha kwenye maji, wanaona nusu nguvu ikiwa mbichi, na baada ya kukauka inabaki robo.

Karatasi nayo ina hatia yake. Ya kawaida ya massa ya mbao hufyonza rangi ikazama, na koti la pili huchubua uso. Tafuta ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye mkwaruzo wa wastani. Shiti nzima ni sentimita 56 kwa 76. Ikunje na kuikata mara tatu, upate vipande vinane vya takriban 19 kwa 28. Kipande hicho ndicho kipimo cha kazi ya nje. Karatasi nyepesi kuliko gramu 300 itajikunja kama hukuiloweka na kuibandika ubaoni mapema, na maji yatatuama kwenye mabonde yake.

Halafu kuna hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari, jua likiwaka na upepo mkavu ukivuma, koti la anga linaweza kukauka hata kabla hujafika ukingo wa pili. Hapo ndipo unaporudi kulirekebisha na brashi yenye maji mengi, na maji mapya yanazisukuma chembe zilizokuwa zimeanza kutulia, zinakusanyika pembeni na kufanya alama yenye kingo zilizochongoka kama jani la sukuma. Ukiongeza kitu kwenye koti bichi, brashi iwe na maji machache kuliko karatasi. Koti likishapoteza mng’aro wa maji lakini bado ni baridi ukiligusa kwa kifundo cha kidole, liache kabisa. Ni katika hatua hiyo picha nyingi huharibika. Kaa kivulini, tega ubao nyuzi 15 hivi ili maji yateremke upande mmoja, na lowesha karatasi pande zote mbili kabla ya anga. Julai, kukiwa na mawingu mazito na baridi, mambo yanageuka: utangoja dakika kumi na zaidi, na ni bora uwe na vipande viwili ili kimoja kikikauka ufanye kingine.

Kijani cha plastiki karibu kila mara ni kijani cha tyubu kilichopakwa kilivyo. Soma namba ndogo nyuma ya tyubu, ile inayotaja aina ya rangi iliyomo ndani. Ukiona PG7, hiyo ni ftalo, yenye nguvu na baridi kuliko jani lolote la Karura. Siikatai, lakini ivunje: PG7 na kahawia ya siena iliyochomwa, PBr7, inakupa giza zito la msitu lenye uhai ndani yake. Kwa kijani cha kawaida changanya mwenyewe. Bluu ya ultramarini, PB29, pamoja na manjano safi kama PY154, ni kijani cha majani ya barabarani baada ya mvua. Ultramarini na manjano ya udongo, PY43, ni kijani kilichonyamaza, kinachofaa migunga na nyasi za kando ya Mbuga ya Nairobi. Chipukizi za chai Limuru ndizo zinazostahili ukali: manjano mengi ya PY154 na tone dogo sana la bluu ya ftalo, PB15. Halafu tia kahawia kidogo katika safu za chini za kichaka, vinginevyo shamba lote litaonekana kama zulia.

Watu husema tope hutokana na kuchanganya rangi nyingi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Rangi tatu zinazopingana, mfano nyekundu, bluu na manjano zikiwa sawa kwa sawa, huenda kwenye kijivu, na kijivu kinaweza kuwa kizuri sana. Tope linakuja unapokisugua kijivu hicho juu ya koti lililokauka nusu: chembe za chini zinaamka, zinazagaa, na ule mwanga wa karatasi unazimika. Weka brashi, vuta mara moja, inua. Ukikosea, ngoja pakauke, kisha ulowanishe na kuchota kwa kitambaa. Ultramarini ni rafiki yako hapa kwa sababu chembe zake hutua kwenye vishimo vya karatasi na kukupa uso wa vilima bila wewe kuhangaika.

Vilima vya Ngong vinahitaji aya yao. Umefundishwa bila shaka kwamba mbali ni bluu. Hewa hutawanya bluu zaidi kuliko nyekundu, ni kweli, na tabaka refu la hewa kati yako na kilima hutia bluu juu ya vivuli vyake. Lakini kinachotuambia umbali zaidi ni tofauti ya mwanga na giza kupungua. Kivuli cha mbali kinapoteza weusi kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya mvua za Aprili au Novemba hewa inakuwa safi kiasi kwamba Ngong inaonekana iko nyuma ya ua wa jirani, na ukiipaka bluu ya vitabuni unaidanganya siku hiyo. Februari, vumbi na moshi wa nyasi vikitanda, safu hiyohiyo inakuwa ya kijivu chenye wekundu. Linganisha kila mara giza la ndani kabisa la kilima na giza la mti ulio karibu nawe. Ukizipata hizo mbili, rangi yenyewe inaweza kukosea kidogo na bado macho yakakubali.

Tena panga saa. Kwa mtu aliye mjini, Ngong iko upande wa magharibi na kusini-magharibi. Saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi jua la chini linaimulika kutoka mashariki na mikunjo yake inasomeka. Kuanzia saa kumi jioni jua linakuwa nyuma yake, nayo inabaki umbo moja la bluu, zuri na rahisi, bila maelezo ya ndani. Saa sita mchana usitoke. Karibu na ikweta jua linakuwa utosini, vivuli vinajificha chini ya miti, na kila kitu kinalala bapa. Kitu kingine ambacho vitabu vya Ulaya havikuambii: Desemba jua la mchana liko upande wetu wa kusini, Juni liko kaskazini. Mti uleule wa Arboretum una kivuli upande mwingine kutegemea mwezi, kwa hiyo usimalizie Juni picha uliyoianza Desemba.

Sasa mafuta. Rangi ya maji hukauka kwa maji kuruka. Rangi ya mafuta hukauka kwa mafuta ya kitani kula oksijeni kutoka hewani na chembe zake kushikana mpaka zikawa utando mgumu. Hakuna cha kuruka isipokuwa kile kiyeyusho, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi kama thina, ulichotia. Ndiyo maana thina haisaidii: inaruka yenyewe haraka, mafuta yanabaki na kazi yao palepale, na kama uliitia nyingi, chembe za rangi zinabaki na gundi pungufu hata zinatoka zikipanguswa kwa kidole. Kitu kinachobadilisha mwendo kwa kweli ni rangi yenyewe, unene, joto na mwanga. Kahawia ya amba ina manganizi, hukauka baada ya siku moja au mbili. Nyeupe ya titani, PW6, nyekundu na manjano za kadimiamu, na nyeusi ya mifupa huchukua muda mrefu, pengine wiki na zaidi zikiwa nene.

Kwa hayo, visa vyako viwili vinasomeka hivi. Majani ya mbele yamekunjamana: bila shaka ulitia mafuta mengi ili rangi iteleze kama ya maji. Uso umekula oksijeni kwanza, ukatanuka, na chini bado ni mbichi, kwa hiyo ngozi haikuwa na pa kwenda ila kukunjamana. Anga imepasuka: huenda koti la chini lilikuwa nyeupe nene yenye mafuta, na kabla halijatulia ukapaka juu yake koti lililozimuliwa. La juu likawahi kuwa gumu, la chini likaendelea kusogea. Wachoraji wana kanuni ya zamani kwa hili: konda chini, nono juu, yaani mafuta machache chini na mengi juu. Koti la kwanza ni rangi na kiyeyusho kidogo, la pili ni rangi ilivyotoka kwenye tyubu, la tatu linaweza kupata matone ya mafuta. Mimi sivuki sehemu moja ya mafuta kwa tano za rangi, na mara nyingi siifikii.

Kuna mshukiwa wa tatu, nao ni kanvasi. Zingine zinazouzwa mjini zimepakwa emulsheni ya ukuta badala ya jeso, ile rangi nyeupe ya kutayarishia kanvasi. Emulsheni ya bei ya chini ina unga mwingi na gundi chache. Pangusa pembe ya kanvasi kwa kitambaa chenye unyevu: ikiacha unga mweupe, usiiamini. Paka jeso ya akriliki makoti mawili au matatu, kila moja likauke, sugua kidogo kwa msasa laini, kisha ngoja siku tatu kabla ya mafuta. Mafuta juu ya akriliki ni halali. Akriliki juu ya mafuta ni haramu, itabanduka. Na usipake mafuta moja kwa moja kwenye ile karatasi yako ya pamba, mafuta yataila taratibu mpaka iwe kavu ya kukatika. Ipake jeso kwanza.

Chokaa ya anga inarekebishwa kwenye paleti. Tunazoea kumwaga nyeupe na kutia bluu ndani yake. Geuza: anza na bluu, ongeza nyeupe kwa ncha ya kisu hadi ufike. Nyeupe ya titani hupoza kila rangi inayoigusa, hivyo karibu na upeo wa macho tia chembe ya manjano ya udongo au waridi ya PV19. Anga ya Nairobi utosini ni nzito kuliko inavyodhaniwa, hufunguka kuelekea chini. Wingu si jeupe tupu. Tumbo la wingu la saa kumi jioni lina kijivu cha ultramarini na siena, na nyeupe halisi ni ule ukingo uliopigwa na jua tu. Kama unachora nje kwa mafuta, usiruhusu jua lipige kanvasi. Utaona kila rangi inang’aa, utatia giza zaidi, na nyumbani chini ya taa ya stima picha itakuwa pango.

Jibu langu kwa swali lako kuu, basi: usiache hata moja. Kwa mtu wa bedsita ningetumia maji nje na mafuta nyumbani, lakini ningebadilisha kile ninachokileta kutoka nje. Hujaenda Ngong kutengeneza picha ndogo ya kukuzwa. Umeenda kukusanya habari: giza liko wapi, mwanga unatoka wapi, kingo gani ni kali na gani zimeyeyuka. Anza na vijipicha vitatu vya penseli, sentimita 6 kwa 9, vyenye viwango vitatu tu: giza, kati, nyeupe. Dakika tano kila kimoja. Chagua kinachosomeka ukikiangalia kwa mbali. Kisha rangi ya maji, dakika 40 hadi saa nzima, basi. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo weka vivuli katika dakika kumi za kwanza na usivikimbize vikihama. Pembeni andika kwa maneno: ‘kivuli cha mlima kina joto kuliko anga’, ‘ukungu unakata shina la tatu’. Maneno hayo yatakusaidia Jumatano usiku kuliko picha ya simu, kwa kuwa simu husawazisha vivuli inavyopenda. Ngong kuna upepo: ning’iniza mfuko wa mawe chini ya stendi, na panda na wenzako, usiende peke yako.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo huenda limekuumiza bila wewe kujua. Kipande cha 19 kwa 28 ni kirefu, kanvasi ya 50 kwa 60 inakaribia mraba. Ukihamisha hivyo, lazima uongeze anga au udongo usiokuwepo, na kilima kinapoteza mlalo wake. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka kipande chako hadi sehemu ya kuchorea iwe 18 kwa 27, kisha ununue kanvasi ya 40 kwa 60. Uwiano ni uleule, 1 kwa 1.5. Piga gridi ya visanduku sita kwa vinne pande zote mbili, uhamishe mistari mikuu pekee.

Nyumbani, paka kanvasi siena iliyozimuliwa, iwe kama udongo wa Kikuyu ukiwa mkavu, uiache siku mbili. Inaondoa woga wa weupe, na inachungulia kati ya kijani ikakipa joto. Siku ya kwanza weka vivuli vyote, vyembamba, bila nyeupe ndani yake. Kivuli chenye nyeupe ndicho kilichokuletea vilima vya tope. Siku hiyohiyo weka anga kwa koti jembamba, ili kingo za miti ziingie ndani yake zingali mbichi. Acha wiki. Kipindi cha pili ni rangi za kati, kutoka mbali kuja karibu. Cha tatu ni mwanga, mzito, kwa kisu ukipenda. Yale matundu ya anga kati ya matawi, ambayo kwenye maji uliyaacha, hapa unayapaka mwishoni, na yawe giza kidogo kuliko anga ya wazi. Ukiyapaka sawa na anga yataonekana kama taa za Krismasi. Vanishi subiri miezi sita hadi mwaka.

Kwa chumba chako mimi ningenunua rangi za mafuta zinazooshwa kwa maji. Ni mafuta ya kweli, yamebadilishwa tu ili yakubaliane na maji. Hazitelezi vizuri kama zile za kawaida, na ukizizidishia maji zinapauka, ila hakuna mvuke wa kiyeyusho. Kama utabaki na za kawaida, chora bila kiyeyusho kabisa: wembamba wa koti la kwanza utokane na kupaka kiasi kidogo na kusugua. Brashi ipanguse, ichovye kwenye mafuta ya kupikia, ipanguse tena, kisha sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu kwenye karai, isiwe sinki la vyombo. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kwenye pipa. Mafuta yakila oksijeni hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulifungia joto hilo mpaka kikajiwasha chenyewe, bila kiberiti. Vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko, au vianike vimetandazwa nje. Kanvasi mbichi ining’inize juu, ikitazama ukuta kwa nafasi ya kiganja, mtoto asiifikie. Rangi za kadimiamu na kobalti usizisugue msasa zikishakauka, vumbi lake ni sumu. Ukipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kifua kubana wakati wa kuchora, au mtoto akaanza kukohoa usiku, acha kazi, fungua madirisha, na mwende kituo cha afya mkiwa na chupa au tyubu yenyewe ili daktari asome lebo. Mtoto akionja kiyeyusho usimtapishe, mkimbize hospitali.

Picha mbili zilizoharibika usizipake juu kwa matumaini. Ile iliyokunjamana bado ni mbichi ndani. Gusa mkunjo kwa ukucha, ukiacha alama laini iweke kando miezi mingine. Baada ya hapo unaweza kukwangua sehemu hiyo kwa kisu na kuanza upya juu ya kanvasi. Ya anga, ikiwa nyufa ni nywele tu na hakuna kinachobanduka, iache kama ilivyo. Ikiwa vipande vinainuka, au uliahidi kumuuzia mtu, usitumie gundi ya dukani. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuhifadhi michoro, na pa kuanzia kuuliza ni makumbusho au jumba la sanaa. Ukienda, beba pia tyubu ulizotumia na kipande cha kanvasi ileile kama kimebaki, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa kuhusu kilichopakwa chini.